Mizani ya Mwili Hufunzwa Kabla ya Kuanguka

Kipimo hiki hakihitaji mashine wala umeme. Namwomba mgonjwa asimame, miguu ikiwa imeachana kidogo, macho wazi. Nasimama nyuma yake, mgongo wangu ukielekea ukutani ili mambo yakiharibika ukuta utushike sote wawili. Naweka mikono mabegani mwake na kumwambia, "Baba, nitakuvuta nyuma. Fanya kila uwezalo usianguke. Ukihitaji kurudi nyuma, rudi." Halafu navuta, ghafla na kwa nguvu ya kutosha. Mtu ambaye mizani ya mwili wake ni nzima hurudi nyuma hatua moja, pengine mbili, akasimama. Mgonjwa wa Parkinson ambaye ugonjwa umeshagusa mizani yake hurudi kwa hatua ndogondogo nyingi asizoweza kuzikomesha, au harudi hatua hata moja: mwili mzima unanijia mikononi, nyayo zimebaki palepale. Ndugu waliomleta hushika vinywa. Kwa miaka walikuwa wakiuona mkono wake ukitetemeka, wakadhani huo ndio ugonjwa wote.

Naomba msilijaribu jambo hili nyumbani. Nimelieleza kwa sababu linaonyesha mara moja kile ambacho maneno mengi hayaonyeshi. Mwili uliosimama uko kazini muda wote. Unajirekebisha kila sekunde bila mwenyewe kujua, na Parkinson huidhoofisha hasa kazi hiyo isiyoonekana.

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia mjini Moshi. Wagonjwa huniita daktari wa mazoezi. Nawahudumia waliovunjika mifupa, waliopata kiharusi, watoto wenye matatizo ya viungo, lakini wazee wenye Parkinson ndio wanaoniachia maswali mengi zaidi ninaporudi nyumbani jioni. Karibu wote huletwa wakiwa wamechelewa. Huletwa baada ya nyonga kuvunjika, au baada ya mzee kuokotwa kwenye mfereji, au baada ya mama kuangukia mafiga. Mtetemeko wa mkono humtia mtu aibu mbele za watu na kumwagia chai, lakini haumvunji mfupa. Kinachomvunja ni kuanguka, na zaidi ya nusu ya wenye ugonjwa huu huanguka angalau mara moja kwa mwaka.

Daktari James Parkinson wa London alipouandika ugonjwa huu mwaka 1817, alitumia habari za watu sita tu, na baadhi yao alikuwa amewaona barabarani. Hata hivyo jicho lake lilikuwa kali. Aliandika kwamba kiwiliwili huinama mbele, na kwamba mwendo wa kutembea hugeuka kuwa wa kukimbia bila mwenyewe kutaka. Hayo hayo ndiyo ninayoyaona mimi leo kwenye ujia wa hospitali: mzee anaanza kutembea vizuri, hatua zinafupika, zinaharakisha, kichwa kinatangulia miguu, na asipopata ukuta wa kuushika ataishia chini.

Chanzo chake kiko ndani ya ubongo. Kuna seli pale sehemu ya juu ya shina la ubongo zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini. Seli hizo hufa polepole, na dalili zinapoanza kuonekana, nyingi huwa zimeshakwenda. Dopamini ndiyo inayouwezesha mwendo uliozoeleka ujiendee wenyewe: kuinuka kitini, kugeuka, kupunga mikono unapotembea, kurudisha mguu haraka ukijikwaa. Ikipungua, misuli hubaki na nguvu zake na mifupa hubaki mizima, ila kila mwendo hutoka mdogo kuliko ulivyokusudiwa. Mwandiko unakuwa mdogo, sauti inashuka, hatua zinafupika. Na hili ndilo gumu kwa ndugu kulielewa: mgonjwa mwenyewe hajui kwamba hatua yake imefupika. Ndani yake anahisi amepiga hatua ya kawaida. Ukimwambia "nyanyua mguu, mzee," anakuona unamwonea, maana yeye anaamini ameshanyanyua.

Dawa kuu ni levodopa, iliyoanza kutumika miaka ya 1960. Ni dawa nzuri sana. Nimewaona watu waliokuwa wakigeuzwa kitandani wakainuka wenyewe na kwenda kuketi barazani. Lakini kwa mizani ya mwili haisaidii kwa kiasi kilekile, kwa kuwa mizani inategemea pia sehemu za ubongo ambazo tatizo lake si dopamini peke yake. Ndiyo maana mtu anaweza kumeza dawa vizuri, mkono ukatulia, mwendo ukawa mwepesi, halafu akaanguka zaidi ya zamani, kwa sababu sasa anatembea kwa kasi ambayo mizani yake haiimudu. Pengo hilo dawa haizibi. Linahitaji mazoezi.

Wilaya ya Hai, majirani zetu hapa, imeingia katika vitabu vya ugonjwa huu. Watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika eneo lenye wakazi 161,071, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Waliwapata wagonjwa 33. Kilichonigusa mimi nilipousoma utafiti ule ni kwamba wengi wa watu hao walikuwa hawajawahi kuambiwa na yeyote wanaumwa nini. Sikushangaa. Maneno ninayoyasikia kila mara ni yaleyale: ni uzee tu, ni kiharusi kidogo, au, kwa sauti ya chini mlangoni, kuna mkono wa mtu. Wakati maneno hayo yanazungushwa, miezi inapita, na miezi hiyo ndiyo ambayo mwili ungefundishika kwa urahisi zaidi.

Nina mgonjwa mmoja kutoka Machame ambaye kazi yake zamani ilikuwa kupima kahawa kwenye chama cha msingi cha ushirika. Ni mrefu, mpole, na kofia yake haivuliwi ila kanisani. Huletwa na mkamwana wake. Siku ya kwanza nilimuuliza anaangukia wapi. Sikumuuliza mara ngapi, kwa sababu idadi wazee huificha, ila mahali hawawezi kupasahau. Akajibu bila kusita, "Pale mtu anaponiita kwa nyuma, mwanangu." Mkamwana akatikisa kichwa kukubali. Mzee akiwa uani, mtoto akamwita kutoka jikoni, yeye hugeuza kichwa, mabega yakafuata, kiwiliwili kikafuata, na miguu ikabaki ilipokuwa. Miguu inapishana, na mzee yuko chini.

Kwa hiyo tiba yake ya kwanza haikumhusu yeye hata kidogo. Niliwaagiza watu wa nyumbani, hata wajukuu, kwamba babu haitwi kwa nyuma. Anayemhitaji azunguke, asimame mbele yake, amwamkie, ndipo aseme. Pili ikawa kumfundisha kugeuka upya. Mgonjwa wa Parkinson hapaswi kuzungukia kisigino kimoja kama askari. Ageuke kwa kuzunguka duara pana iwapo nafasi ipo, na pakiwa finyu, apige hatua ndogo za makusudi, mguu mmoja kisha mwingine, akiwa ameinua goti, mpaka kifua na vidole vya miguu vielekee upande mmoja. Tulilirudia jambo hilo moja kwa muda mrefu kuliko yote. Alikuwa akichoka, anakaa, anakunywa maji, anainuka tena.

Kuinuka kwenyewe kuna utaratibu. Makochi ya sebuleni kwetu ni ya chini, yana kina, na yanamdidimiza mtu. Mgonjwa hujisukuma mara tatu nne na kurudi nyuma, halafu mtu humkamata mkono na kumvuta, naye huinuka akiwa amelalia nyuma, tayari kuanguka. Nilimwomba mkamwana amtengee kiti kigumu cha mbao chenye mikono. Asogee mpaka ukingoni mwa kiti. Nyayo azirudishe nyuma ya magoti. Ainame mpaka pua ipite vidole vya miguu, ndipo asukume, na akishasimama atulie kidogo kabla ya kuondoka. Kumuona mtu aliyekuwa akiinuliwa na watu wawili akiinuka peke yake kwa sababu tu amerudisha nyayo nyuma ni furaha ambayo bado sijaizoea.

Halafu kuna kuganda. Mgonjwa anatembea, anafika mlangoni, na miguu inakataa. Wengine huniambia ni kana kwamba nyayo zimepigwa misumari sakafuni. Huganda kwenye kizingiti, kwenye kona, mahali palipobanana vitu, au anapokuwa na haraka, kwa mfano simu ikiita. Ndugu wenye mapenzi mema humvuta mkono. Hapo ndipo anapoanguka, maana kiwiliwili kinakwenda na miguu haiendi. Tafadhali, aliyeganda asivutwe. Mwambie asimame kabisa, avute pumzi, auhamishe uzito wake kushoto na kulia, kisha apige hatua moja kubwa kwa kukusudia.

Na kuna msaada wa ajabu kwa watu hawa, ambao madaktari wameujua tangu zamani. Miaka ya 1960 daktari mmoja wa London, James Purdon Martin, alionyesha kwamba mgonjwa ambaye hawezi kuanza kutembea kwenye sakafu tupu huweza kutembea ikichorwa mistari ya kukatiza njia yake. Anakanyaga juu ya mstari, anavuka, anavuka mwingine. Mwaka 2010 daktari Bas Bloem wa Uholanzi aliripoti habari za mgonjwa wa miaka 58 aliyeshindwa hata hatua chache bila kuanguka, ila akipewa baiskeli aliendesha vizuri, akakata kona, akarudi. Ubongo ulionyimwa njia yake ya kawaida huweza kupita njia nyingine, mradi upewe kitu cha kukifuata kutoka nje: mstari wa kuuona, mdundo wa kuusikia, hesabu ya kuitamka. Kazi yangu kubwa ni kuitafuta njia hiyo kwa kila mtu.

Kwa mzee wa Machame niliipata kwenye kazi yake ya zamani. Nilimwomba ahesabu kwa sauti anapotembea. Akaanza kwa Kiswahili, akasitasita. Nikamwambia ahesabu kama alivyokuwa akihesabu magunia ya kahawa yanapopita kwenye mizani. Akabadilisha, akahesabu kwa Kimachame, polepole, kila hesabu ikiwa na uzito wake, na miguu ikafuata. Kisigino kilianza kutua kabla ya vidole. Mikono, ambayo ilikuwa imeganda ubavuni, ikaanza kupunga. Mkamwana alikuwa amekaa kwenye benchi na mkoba wake mapajani. Akasimama.

Nyumbani kwao wakachora mistari barazani kwa rangi nyeupe iliyosalia dirishani, ikipishana kwa upana wa hatua nzuri ya mzee mwenyewe, na mmoja kwenye kizingiti cha jikoni ambapo ndipo anapogandia. Uani, kwenye udongo, mjukuu humwagia mistari ya majivu kila asubuhi, mvua ikifuta anamwagia tena. Haina gharama. Hospitali za nchi nyingine hutumia vifaa vya kutupa mwanga mbele ya kiatu na simu zinazopiga mdundo, na anayeweza kuvipata avitumie, lakini kanuni ni hiyohiyo.

Baada ya hapo tulianza mazoezi ambayo wagonjwa huyaogopa, na ambayo ndiyo hasa yanayojenga mizani. Wengi wakitishwa na kuanguka hupunguza kutembea, hupanua miguu, hushikilia ukuta, na mwili unazidi kusahau. Mizani haifunzwi kwa kukaa mahali salama tu. Inafunzwa kwa kupelekwa karibu na mpaka wake, mlinzi akiwa kando. Mzee anasimama akishika mgongo wa kiti, anapiga hatua kubwa kwenda nyuma na kurudi, mguu huu kisha ule, kwa sababu hatua ya nyuma ndiyo itakayomwokoa siku atakapovutwa. Anapiga hatua za pembeni. Anasimama mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino kikigusa vidole. Anasimama juu ya godoro jembamba la sifongo, kwanza macho wazi. Anafikia kitu kilicho mbali kidogo kuliko anavyotaka. Na siku anazokuwa vizuri namsukuma kidogo kifuani au begani bila kumwambia lini, ili mguu wake ujifunze kukimbilia uzito unapokwenda. Nimemfunga mkanda mpana kiunoni ninaoushika kwa mkono mmoja muda wote.

Kila baada ya wiki kadhaa nampima: ainuke kitini, atembee mita 3, ageuke, arudi, aketi, nami nahesabu sekunde. Kipo pia kipimo cha vitendo 14 chenye jumla ya alama 56, kuanzia kukaa bila kuegemea hadi kusimama kwa mguu mmoja. Namba hizo namwonyesha. Mzee aliyepima kahawa maisha yake yote anaziheshimu namba, na zikiboreka huenda akawaonyesha watu nyumbani.

Kuna mpango maarufu ulioanzia Marekani, LSVT BIG, unaomfundisha mgonjwa kufanya kila mwendo kwa ukubwa: saa moja, mara nne kwa wiki, kwa wiki nne. Wazo lake nalikubali kabisa, nami hulitumia. Ratiba yake ndiyo isiyowezekana kwa mtu anayepanda bodaboda kutoka mlimani, akaunganisha na daladala, na mkamwana aliyeacha shamba. Kwa hiyo nachagua mazoezi manne tu, nayachora kwenye karatasi kwa picha za vijiti, yanabandikwa ukutani karibu na kile kiti cha mbao, na yanafanywa kila siku. Mazoezi manne yanayofanywa kila siku yananifaa kuliko ishirini yanayosubiri siku ya kuja Moshi.

Wapo wanaoniuliza kama haya yana faida ya kweli au ni kumliwaza mgonjwa. Nawajibu kwa majaribio yaliyofanywa kwa makini. Huko Oregon, Marekani, wagonjwa 195 waligawanywa makundi matatu. Kundi moja lilifanya tai chi, yale mazoezi ya Kichina ya mwendo wa taratibu na kuhamisha uzito, mara mbili kwa wiki kwa wiki 24. Jingine lilifanya mazoezi ya nguvu, na la tatu kujinyoosha tu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kwamba wa tai chi walikuwa na mizani bora kuliko makundi yote mawili, na walianguka mara chache kuliko wale wa kujinyoosha.

Jaribio la pili, la Australia, lililochapishwa mwaka 2015, ndilo ninalolirudia kwa madaktari ninaofanya nao kazi. Walishiriki watu 231. Waliopangiwa mazoezi walifanya ya mizani na ya nguvu za miguu, dakika 40 hadi 60, mara tatu kwa wiki, kwa miezi sita. Walipotazamwa wote kwa pamoja, tofauti ya kuanguka haikutosha kuaminika. Walipotenganishwa, picha ikawa nyingine. Waliokuwa na ugonjwa usioenda mbali, kuanguka kulipungua kwa kiasi kikubwa. Waliokuwa wameshazidiwa, hakukupungua. Maana yake kwangu ni kwamba tunawapeleka wagonjwa fiziotherapia mwisho wa safari, wakati faida yake kubwa iko mwanzoni. Anayeletwa akiwa bado anatembea sokoni mwenyewe ndiye ninayeweza kumpa mengi. Waliochelewa siwafukuzi, kuna mengi ya kuwafanyia, lakini kwao kazi inageuka: kuifanya nyumba iwe salama na kumfunza ndugu kumshika vizuri.

Nyumba inahitaji jicho. Cha kwanza kukitazama ni choo. Choo cha kuchuchumaa kwa mwenye Parkinson ni mtihani mkubwa, maana uzito unakwenda nyuma na hakuna cha kushika. Fundi seremala anaweza kutengeneza kiti chenye tundu cha kuweka juu ya shimo, na kipande cha bomba au mti imara kikafungwa ukutani usawa wa kifua. Cha pili ni miguuni. Kandambili humlazimisha mtu kuburuza nyayo ili zisimtoke, na huyu tayari anaburuza. Avae kiatu kinachoshika kisigino, chenye soli isiyonata sana wala kuteleza. Kwa akina mama naongeza kanga. Kanga iliyobanwa vizuri ni stara, lakini inakata hatua katikati. Bibi mmoja wa Majengo, hodari wa ibada, alikuwa akianguka anapoinuka kutoka kwenye mkeka wa swala. Tuliongea na mwanawe, akamshonea dera pana lisilofika chini kabisa, na siku mwili ukiwa mzito anaswali kitini, kama dini inavyomruhusu mgonjwa. Siku nyingine anasujudu na kuinuka kwa utaratibu niliomfundisha: anapiga magoti, anaweka mguu mmoja mbele, mkono juu ya kigoda, ndipo anasukuma. Utaratibu huohuo ndio tunaomfundisha kila mgonjwa kwa ajili ya siku atakapoanguka, ili asibaki chini akisubiri watu warudi kutoka shambani.

Masika yana hatari yake. Udongo wa mlimani ukilowa hata sisi wazima tunateleza. Wakati huo afadhali mazoezi ya kutembea yafanyike barazani. Na usiku pawe na taa kati ya kitanda na choo, kwa kuwa mtu aliyepungukiwa na mizani hutegemea macho kuliko sisi. Gizani anakuwa amenyang'anywa kitu cha mwisho alichokuwa akikishika.

Kabla ya kumlaumu mgonjwa kwamba hajitahidi, pima shinikizo lake la damu akiwa amelala, kisha akiwa amesimama. Kwa wengi wa wagonjwa hawa, kwa sababu ya ugonjwa wenyewe na wakati mwingine dawa, shinikizo hushuka anaposimama. Likishuka kwa 20 au zaidi kwenye namba ya juu ndani ya dakika 3, kuanguka kwake kunahitaji daktari kwanza. Vilevile mazoezi yafanywe dawa ikishashika, kwa kawaida baada ya nusu saa hadi saa moja, si asubuhi mwili ukiwa bado umekakamaa.

Naulizwa pia kuhusu upupu. Ni kweli kwamba mbegu zake zina levodopa, na watafiti wamezijaribu kwa wagonjwa. Lakini mbegu moja haifanani na nyingine, na kiasi kikizidi humletea mtu kichefuchefu, kuchanganyikiwa, na shinikizo kushuka, ndipo anaanguka. Anayezitumia amwambie daktari wake, asifiche. Najua levodopa haipatikani kila duka, na inapopatikana ina bei, kwa hiyo simlaumu anayetafuta njia. Naomba tu isifanyike gizani.

Jambo moja zaidi kwa mnaowatunza. Msimfanyie kila kitu. Mapenzi yetu kwa wazee ni kuwaketisha, kuwaletea, kuwavisha, kuwanawisha. Mwenye Parkinson akiketishwa kutwa nzima hupoteza kwa miezi kile ambacho ugonjwa ungekichukua kwa miaka. Mwacheni aende kuchukua kikombe chake mwenyewe, taratibu, mkiwa karibu. Msizungumze naye anapovuka kizingiti, maana akijibu, miguu inasahauliwa. Mwacheni avuke, asimame, ndipo mwendelee na habari.

Mzee wa Machame bado ana ugonjwa wake, na ugonjwa huu hauponi. Aliangukia mfereji tena mwaka jana, akachubuka, akainuka mwenyewe kwa ule utaratibu wa magoti na kigoda, ila kigoda kilikuwa jiwe. Bado anakuja.

Kwa hiyo ukimwona mzazi wako mkono mmoja haupungi anapotembea, hatua zimefupika, anageuka kwa vipande, au ameanza kuugusa ukuta bila sababu, mpeleke hospitali akachunguzwe hata kama hajaanguka na hata kama hatetemeki. Na mkiambiwa ni Parkinson, msitoke chumba cha daktari na cheti cha dawa peke yake. Ombeni na barua ya kwenda fiziotherapia, siku hiyohiyo.